Madam Mkuu na Sigara Yake ya Umeme

Mtu wa kwanza kuniletea sigara ya umeme niitengeneze alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, amevaa baibui jeusi, na ndiye aliyenifukuza shule.

Aliingia dukani kwangu Kilwa Masoko asubuhi, sijamaliza hata kutundika makava ya simu mlangoni. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Madam Mkuu mpaka leo, ingawa alistaafu zamani, na kabla ya kuwa mkuu wa shule alifundisha Fizikia. Nikamwamkia, "Shikamoo Madam," moyo ukinidunda kama niko mstarini nasubiri kukaguliwa kucha. Akaitikia, akafungua mkoba, akaweka mezani kidude kizito cha chuma, mfano wa kiberiti cha gesi kilichonenepa, chenye kioo kidogo ubavuni, vitufe vitatu na kitangi cha kioo juu.

"Kinaungua," akasema.

"Kinapata moto, Madam?"

"Sijasema kinapata moto. Nimesema kinaungua. Ukikivuta, ladha yake ni ya wali ulioshika chini ya sufuria."

"Ni cha nani?" Nilitegemea aseme cha mwanawe.

"Changu."

Walikuwepo wateja wawili mlangoni. Wote waligeuka. Yeye hakushusha sauti wala hakuwaangalia.

Sikuwahi kukishika kitu cha namna ile, lakini fundi simu hakubali kushindwa mbele ya mteja, tena mteja kama yule. Nikakifungua. Chini ya tangi mlikuwa na koili ndogo, nyaya nyembamba zilizozungushiwa pamba, na pamba yenyewe nyeusi kama masizi. Nikamwambia koili imekufa.

"Usiniambie imekufa. Niambie ni kitu gani hakipiti."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake darasani. Redio ikinyamaza, taa ikigoma, mwanafunzi akishindwa kujibu, aliuliza ni kitu gani hakipiti. Akanilazimisha nisome maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni mwa koili. Nikasoma kwa shida: omu sifuri nukta nane, wati kumi na mbili hadi kumi na nane. Kisha akaniambia niangalie kioo. Kilionyesha wati thelathini.

"Nani amekipandisha hivi?"

"Mimi. Sigara ilinizoeza kukwaruzwa koo. Hiki nikaona kinanibembeleza, nikawa nabonyeza alama ya kujumlisha." Akaiangalia ile pamba. "Na nilikijaza maji yake ya nikotini nikavuta papo hapo, pamba haijalowa. Miaka yote ile nafundisha watoto wa watu joto na ukinzani, halafu nachoma pamba kavu kwa mkono wangu."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alikuwa na koili ya akiba mkobani. Tukadondosha matone machache ya yale maji kwenye pamba mpya, tukajaza tangi, tukashusha wati hadi kumi na mbili, kisha akasema tusubiri dakika kumi pamba inywe. Tulikaa dakika zote kumi, yeye akitazama saa yake ya mkononi, bila hata mmoja wetu kutaja kwa nini niko pale nafungua simu za watu badala ya kuwa mahali pengine.

Alivuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu yote alivuta kwa siri. Alinisimulia mwenyewe, mambo haya nayajua kwa kinywa chake. Alikuwa na stoo ya maabara yenye dirisha linaloelekea mikorosho, na ufunguo wake hakumpa mtu. Kila mapumziko alijifungia humo na sigara moja, akitoka ana karafuu mdomoni. Sisi wasichana tulidhani ile harufu ya karafuu ni uturi wake, na wengine tulikwenda kuzitafuna tunukie kama yeye. Mumewe, marehemu sasa, alikuwa akijua. Watoto hawakujua. Kila alipotoka stoo alipita kwenye madarasa akikagua wavuta sigara.

"Nilikuwa mkali hapo kuliko popote," alisema. "Nilikuwa najipiga mimi kwa migongo ya watoto wa watu."

Sigara ya umeme alitumiwa na binti yake anayeishi Muscat, aliyekuja likizo akakuta mama anakohoa mpaka anashika ukuta. Binti alifungua begi la mama yake kutafuta dawa akakuta pakiti ya sigara, na ndiyo siku siri ilipokwisha. Walilia wote wawili, kisha binti akarudi alikotoka, na baada ya miezi kadhaa akatuma kile kidude pamoja na chupa za maji ya nikotini zenye nguvu tofauti, kali mpaka hafifu, ashuke kidogo kidogo kama anayeteremka ngazi. Madam Mkuu alipokea mzigo na kuamua jambo ambalo bintiye hakumtuma: hatakificha. Alikaa barazani kwake mchana kweupe, mtaa mzima ukipita, akapuliza.

Unaweza kufikiria maneno. Wapo waliosema anafukizia jini. Wapo waliosema mtoto wake kamletea bangi ya Uarabuni. Vijana wa bodaboda, ambao wao huiita vepu, walimpigia honi kwa furaha na kumwita bibi wa kisasa. Hao ndio aliowachukia kuliko wasengenyaji. Kijana mmoja alisimamisha pikipiki akaomba aonje mara moja tu.

"Unavuta sigara?"

"Hapana bibi, sijawahi."

"Basi ondoka. Hiki ni mkongojo. Mwenye miguu mizima haombi mkongojo."

Mwingine alimwuliza kama ni kweli hakina madhara. Akamjibu kwamba anayesema hivyo anauza. Yeye hakuwahi kukisifu. Alikiita "huyu mwizi mdogo", kwa maana ya kwamba mwizi mkubwa alikwishamfukuza.

Na alikitunza kama alivyotunza vyombo vya maabara. Alikuwa na daftari la mistari ambamo kila jioni aliandika wati alizotumia, nguvu ya maji, na mara ngapi amekohoa. Hakukiacha juani. Hakukichaji kwa chaja kubwa ya simu mpya, aliniomba nimtafutie ile ndogo ya taratibu, na hakulala kikiwa kinachajiwa. Chupa za maji alizifungia kabati la juu na ufunguo akauvaa shingoni, kwa sababu wajukuu walikuwa wakija, na alijua kwamba maji yale mtoto akiyanywa yanaweza kumwua. Kabla ya kukitia mkobani alikibonyeza mara tano mfululizo kikazima. Niliwahi kumwona akifanya hivyo katikati ya mazishi, mkono ndani ya mkoba, midomo ikihesabu, waombolezaji wakidhani anasoma dua.

Alinirudia dukani karibu kila mwezi. Chumvi ya bahari yetu haisamehe chuma. Siku moja kioo kiliandika kwamba hakioni koili, na koili ipo. Tukakuta kutu ya kijani pale inapogusana na betri. Nikaisugua kwa pamba yenye spiriti, kikaamka. Siku nyingine kilikuwa kinavuja, mkoba wote umelowa na kunuka maembe, nikakuta mpira mwembamba wa chini ya tangi umekatika. Siku nyingine kilikoroma kila akivuta, kwa kuwa maji yamezidi kwenye koili, tukakifungua, tukakipuliza na kukifuta kwa kitambaa. Kila mara nilipotaka kusema kimekufa aliniangalia tu, nikameza maneno, nikatafuta kisichopita. Nakiri kwamba nimekuwa fundi bora kwa ajili ya kile kidude. Nakiri pia kwamba kila alipotoka nilibaki na hasira.

Barazani kwake alikuwa akifundisha wanawake kusoma na kuandika, tisa hivi, wake wa wavuvi na wauza samaki. Siku za somo kidude kilikaa kabatini. Hata hivyo ilifika siku shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja na wazee wanne baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea chaja. Shemeji mtu alisema watu wanazungumza, jina la ukoo linachafuka, na waume wa wale wanawake hawataki wake zao wafundishwe na mwanamke anayetoa moshi.

Madam Mkuu akaingia ndani, akatoka na kidude, akakiweka katikati ya mkeka.

"Hiki hapa. Humu ndani mna maji yenye nikotini. Umeme unapasha waya, waya unapasha maji, yanakuwa mvuke. Jini hakuna, bangi hakuna. Nikotini yake ndiyo hiyo hiyo iliyomo mfukoni mwa kanzu yako, shemeji."

Watu wote wakatazama mfuko wa kanzu. Pakiti ilionekana kabisa, imejichora kwenye kitambaa.

Mzee mmoja, imamu wa msikiti wa jirani na mtu mpole, akasema kwa upole, "Bibi, sisi tunakutakia heri. Afadhali uache kabisa."

"Umesema kweli, sheikh. Nami naacha, kwa hesabu, na daftari lipo ukitaka kulisoma. Nilianza na maji ya nguvu ya kumi na nane, sasa niko kwenye kumi na mbili. Nataka kujua tu hawa uliokuja nao wataanza lini."

"Sisi ni wanaume," shemeji akasema.

"Mapafu hayajui."

Imamu akainamisha uso, nadhani alikuwa akizuia kicheko. Shemeji akasimama, akasema basi asilaumiwe. Wiki ile wanawake watatu hawakuja darasani. Alipita nyumba zao zote tatu, mchana, akisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya mstarini kwa nini mwanafunzi wake hajafika. Mmoja alirudi. Wawili hawakurudi, na najua lilimwuma, kwa sababu aliendelea kuwaita majina yao kila akianza somo, akisubiri kuitikiwa baada ya kila jina, halafu akiendelea.

Sitaki mtu adhani alikuwa jiwe. Koili za akiba zilimwishia, zikaagizwa Dar es Salaam, na mzigo ukapakiwa kwenye basi la Mtwara ushushwe Nangurukuru. Tulikwenda wote kwa bajaji kuupokea. Basi lilifika, kondakta akatafuta chini ya viti, akatafuta juu, akasema mzigo haupo, labda uko nyuma ya magunia, na magunia hayashuki mpaka Mtwara. Basi likaondoka. Ilikuwa siku yake ya nne bila kidude. Asubuhi ile alikuwa amemfokea mjukuu wake mpaka mtoto akajikojolea.

Nilikwenda kununua maji. Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya kibanda cha chipsi, na sigara inawaka vidoleni, sigara ya kawaida ya kununua moja moja. Abiria wa mabasi mawili walikuwa wakimtazama. Alivuta, akakohoa akainama, akavuta tena.

"Umeniona," akasema. "Sawa. Usinitazame kama daktari."

Akaimaliza, akaikanyaga, tukapanda bajaji kurudi. Tulikuwa tumepita mizani ya barabarani aliponigeukia.

"Ile pakiti uliyokutwa nayo Kidato cha Pili haikuwa yako."

"Ilikuwa ya mjomba. Nilikuambia siku ile."

"Uliniambia. Nikakunusa mikono na nywele, nikajua unasema kweli. Mvutaji namjua hata akiwa ameoga. Nikasaini barua hata hivyo."

"Kwa nini?"

"Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pale. Alikuwa amenusa kitu stoo ya maabara asubuhi ile, akaniuliza. Nikahitaji mvutaji awe mtu mwingine." Bajaji ilikuwa na kelele, akalazimika kusema karibu na sikio langu. "Nilikuwa nimetoka kuvuta nilipoishika ile kalamu."

Kwa msomaji asiyejua: nilifukuzwa kwa mwezi mmoja, na ndani ya mwezi ule ukapita mtihani wa Kidato cha Pili. Nilitakiwa kurudia mwaka. Baba akasema hamsomeshi mvuta sigara mara mbili. Hapo ndipo shule yangu ilipoishia, nikapelekwa kwa binamu yangu Lindi kushikilia bisibisi.

Nilimwambia dereva asimame. Nilishuka, nikatembea kilomita nzima kwa miguu, na Madam akamwambia dereva anifuate nyuma polepole, njia nzima, bila kuniita.

Kesho yake alikuja nyumbani kwetu. Mama yangu ni Mmwera, mwanamke wa shamba, mdogo kwa Madam Mkuu kwa miaka isiyopungua kumi, na heshima ya watu wazima anaijua vizuri. Siku ile hakumpa shikamoo. Aliendelea kumenya mihogo. Madam Mkuu alisimama uani juani na kusema yote, toka mwanzo, hata habari ya stoo, hata ya karafuu.

Mama akauliza, "Unajua nilimpiga kwa ajili ya barua yako?"

"Najua. Na hilo pia naliombea radhi."

Mama akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu mpaka nikadhani hatatoka. Alipotoka alikuwa na kigoda, akakiweka kivulini mwa ukuta.

"Kaa," akasema, akarudi kwenye mihogo.

Mimi nilimwambia Madam ukweli wangu, kwamba sijamsamehe.

"Sikukuuliza," akajibu. "Nimekuja kusema. Sikuja kuchukua kitu."

Hapo hapo akaniambia kwamba kuna mtihani wa watu wazima wa nje ya shule, na kwamba kila Jumatano saa kumi atakuwa dukani kwangu na kitabu cha Fizikia, nisipomtaka nifunge mlango. Sikufunga. Alikuja Jumatano zote, mvua ikinyesha au isinyeshe, akinifundisha katikati ya wateja, akinigombeza kwa kukosea alama za vipimo mbele ya watu waliokuja kubadilisha vioo. Nilifanya mtihani. Nilifaulu, masomo yote isipokuwa Historia, na ile Historia aliitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kusamehe kwenyewe sijui kulikuja lini. Siku moja nilitafuta ile hasira alipotoka dukani, nikakuta haipo mahali pake.

Mara ya mwisho nilipomwona vizuri ilikuwa pwani ya Masoko, asubuhi, mwaka jana. Nilikuwa nimeshuka kuchukua simu ya mvuvi mmoja iliyoingia maji. Nikamwona amesimama mchangani na ubao mweusi umeegemezwa mguuni na mfuko wa chaki kwapani, anabishana na nahodha wa boti ya fiba. Wanawake wa kisiwa cha Songo Mnara walikuwa wamemtumia ujumbe, wanataka darasa. Siku chache kabla, daktari wa Lindi aliyempiga picha ya kifua alikuwa amemwambia asisafiri, akae nyumbani, apumzike. Alikuwa amekonda, na pumzi yake niliisikia kabla sijamkaribia.

"Madam, kwa kifua hicho," nahodha alikuwa akisema, "na nje kuna mawimbi kidogo."

"Unaendesha boti au unaendesha kifua changu?"

Nikamwamkia. Nikamwuliza kidude kiko wapi, maana hakunirudia dukani miezi miwili.

"Nimekizima. Siku ya arubaini leo."

"Umeacha, Madam?"

"Usiniandikie jibu. Nimekizima. Kesho siijui." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite, akanyooka. "Daktari yule mtoto mzuri. Amesema nikipumzika nitapata muda zaidi. Nikamwuliza muda wa kufanya nini. Akaandika dawa."

Maji yalikuwa yamekupwa, boti imesimama mbali, na abiria walikuwa wakiifuata kwa miguu, bahari ikiwafika kiunoni. Wazee huko kwetu hubebwa. Nahodha akamgeuzia mgongo, akainama, akamwambia apande.

Madam Mkuu akautazama ule mgongo. Kisha akanyanyua ubao kwa mikono miwili, akaulaza juu yake.

"Beba huu. Ukilowa hauandiki."

Nahodha akaniangalia mimi, kama vile ningeweza kufanya chochote. Halafu akauinua ubao juu ya kichwa chake na kuanza kutembea. Madam akashika pindo la baibui kwa mkono mmoja, akaliachia alipoona halina faida, akaingia baharini nyuma yake. Alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Nilivua viatu nimfuate, na bila kugeuka akanyoosha kiganja chake nyuma, kile cha kutuzuia shuleni tusivuke mstari, nikabaki pale pale.

Wanawake waliokwishapanda walimvuta mikono na kumwingiza. Ubao ulifika mkavu. Yeye alifika amelowa hadi kifuani, anakohoa, anacheka, na kabla injini haijawashwa nilimsikia akiwauliza majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya mstarini.